Re: Mzee anakuja Nairobi kutibiwa tezi dume

Dada wa Kasarani aliandika:
> Wapendwa salaam. Baba anatoka Moshi wiki ijayo, ana kansa ya tezi dume, kule walishamwanzishia sindano ya homoni na PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) imeshuka sana. Sasa kaka anasema ile ya kuchoma kwa mawimbi ya sauti (HIFU) haina haja tena. Kweli?

Pole na kuuguza dada. Hapana, msikate shauri kwa PSA peke yake. Ile sindano inazima testosteroni inayolisha kansa, so tezi inanywea na PSA inashuka, lakini ugonjwa unaweza kuwa bado umo humo humo na baadaye ukazoea kuishi bila homoni. HIFU yenyewe ni kifaa kinapitishwa njia ya haja kubwa, mawimbi yanakutana sehemu moja, joto linapita nyuzi 60 na nyama ya hapo inakufa bila kisu. Shida hayafiki mbali, tezi ikizidi kama mililita 40 sehemu ya mbele inaponyoka, ndo maana wengine wanatanguliza homoni miezi kadhaa ipungue kwanza. Ila kama imeshafika kwenye mifupa HIFU siyo yake, hapo homoni ndo tiba yenyewe. Na muulize pia mionzi pamoja na homoni, hiyo imefanyiwa utafiti miaka mingi zaidi hasa kwa kansa kali.

Tafadhali aje na bloku na slaidi za biopsi (vile vipande vya nyama walivyomtoa kupima), siyo karatasi tu, zisomwe upya huku. PSA ya KABLA ya sindano iandikeni kabisa maana daktari akiona ya sasa tu atadhani ugonjwa ni mdogo. Na jina la sindano, dozi na tarehe: kama ni goserelin, ya miligramu 3.6 ni kila siku 28, ya 10.8 ni kila wiki 12, msipitishe mkiwa safarini.

Baba yangu mdogo alichomwa hiyo ya tumboni, usiku anaamka shati limelowa jasho anafungua dirisha na hii baridi ya Julai, mama mdogo akadhani malaria. Ni homoni, mwambieni mzee mapema asiogope.

Mwingine wa South B:
Naongezea, kabla hajapanda basi pigeni simu hospitali muulize kama hiyo mashine wanayo, na baada ya HIFU atakaa na mpira wa mkojo siku kadhaa so asipange kurudi Moshi kesho yake. Nguvu za kiume nazo zinaweza kuguswa na zote mbili, HIFU na homoni, kaka yako ndo aongee naye hilo. Mie nina chumba, karibuni.