Kigari cha mtoto mmoja au cha wawili kwa mzazi wa kwanza? Tupeane uzoefu

Mama Kijacho
Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya wiki 32, ya kwanza, na utrasaundi imeonyesha mtoto mmoja. Nguo, nepi, neti na beseni tayari. Kimebaki kigari, na hapo ndipo mimi na mume wangu tumekwama. Yeye anataka tuchukue cha watoto wawili, kile cha siti zinazokaa sambamba, kwa sababu tunapanga wa pili afuate upesi. Anasema tukinunua sasa tumemaliza. Kariakoo tumetajiwa 240,000 kwa cha mmoja kipya na 430,000 kwa cha wawili. Halafu kuna dada mmoja anauza cha wawili cha mtumba kwa 190,000, na bei hiyo ndiyo imemkolea mume wangu. Mama mkwe wangu yuko Tanga, anasema mbeleko inatosha, hizo pesa ziwekwe za kujifungulia.

Tunaishi Tabata, nyumba ya kupanga, geti dogo. Mpaka kufika lami ni dakika saba za vumbi, na mvua ikinyesha ni tope tupu. Gari hatuna. Mliotumia, nisimulieni ilikuwaje, msinifiche kitu.

Ummu Mapacha, Leicester
Hongera sana mdogo wangu. Mimi nilijifungua mapacha, kwa hiyo kwangu cha wawili kilikuwa lazima. Chetu kina upana wa sentimita 76. Mlango wa mbele kinapita kwa kusugua, rangi imebanduka pande zote mbili kwenye usawa wa goti. Mlango wa jikoni hakipiti kabisa, kwa hiyo kinalala kwenye korido na sisi tunapita kwa ubavu. Uzito wake ni kilo 15 kabla hujaweka mtoto yeyote.

Kwenye mabasi ya huku, ile nafasi ya kigari ni ya mwenye kiti cha magurudumu kwanza. Akipanda, unatakiwa ukunje au umpishe, na ni haki yake. Sasa kukunja kilo 15 peke yako na watoto wawili mikononi haiwezekani, kwa hiyo mara mbili nimeshuka njiani nikasubiri basi jingine kwenye baridi.

Sijutii, maana bila hicho kigari nisingetoka nje mwaka mzima. Ila kuna jambo nililigundua pale pacha mmoja alipolazwa siku nne nikawa natembea na mwenzake tu. Kigari cha wawili ukikipakia upande mmoja kinavutia huko huko. Unasukuma huku unakirudisha kati, unasukuma huku unakirudisha. Kifundo cha mkono wangu kilivimba. Wewe utafanya hivyo kila siku mpaka wa pili azaliwe.

Bint Shangani
Sisi tuko Mji Mkongwe. Mlango wetu wa kale una mbao mbili na siku zote hufunguliwa moja, halafu kuna kizingiti cha kuvuka. Kichochoroni ukikutana na mwenye baiskeli mmoja wenu anasimama. Cha mmoja chembamba tunakiinua tukishikana, mimi mbele na wifi yangu nyuma. Cha wawili hata sikukifikiria.

Baba Amani, Nairobi
Sisi tulifanya vile mumeo anataka kufanya, kwa hiyo namwambia kama ndugu. Nilinunua cha wawili mke wangu akiwa na mimba ya kwanza. Tunakaa orofa ya nne na lifti hakuna. Wiki ya kwanza nilikibeba mwenyewe kupanda na kushuka. Wiki ya pili nilikiacha chini kwa mlinzi wa geti, mvua ikakipiga, kitambaa kikaota ukungu. Mama Amani akarudi kumbeba mtoto kwa leso. Kwenye matatu, kondakta akikiona tu anasema nilipie viti viwili.

Wa pili alikuja Amani akiwa na miaka mitatu na nusu. Anatembea, anakimbia, ukimwambia aketi kwenye kigari analia. Kwa hiyo siti ya pili imekaliwa na mtoto labda mara tano tu. Siku zote imebeba sukuma wiki na unga.

Baadaye tulipata kile cha kukunja kama mwavuli, chini ya kilo saba. Hicho alikibuni Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza, mwaka 1965, baada ya kumwona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito cha mjukuu. Nikiwa kwenye ngazi ya orofa ya tatu huwa namshukuru yule mzee kwa moyo wote.

Muuguzi wa Kliniki
Mama Kijacho, kabla ya kigari kaeni na mume wako mzungumzie hiyo "upesi". Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, ili mwili urudi na mtoto anyonye vizuri. Ongeza miezi tisa. Mkifuata hivyo, wa kwanza atakuwa anakaribia miaka mitatu wa pili akizaliwa, na mtoto wa umri huo hahitaji siti, anahitaji kushikwa mkono. Kuna vigari vya mmoja vinavyofungwa kibao nyuma, mkubwa akasimama hapo akichoka.

Na vile vyepesi vya mwavuli anavyovisifu Baba Amani vizuri sana, lakini si kwa mtoto mchanga. Miezi sita ya mwanzo shingo na mgongo havijakaza, alale bapa chali. Angalieni siti ikilazwa inalala kweli au inabaki imeinama. Jambo jingine ninaloliona kila siku kliniki: mama anafunika kigari kizima kwa kanga kumkinga na jua. Hewa inakosa pa kupita, ndani kunakuwa tanuri. Mwavuli au kofia ya kigari yenyewe inatosha.

Mama Salim, Muscat
Mimi nitamtetea mume kidogo. Wangu wamepishana miezi 14, haikupangwa, ni riziki ya Mungu. Nilikuwa na cha mmoja, na miezi ile ya mwanzo nilikuwa mfungwa ndani: mdogo kifuani, mkubwa hajajua kutembea vizuri, na nje wakati wa kiangazi joto linapita nyuzi 40. Tulipopata cha wawili maisha yalibadilika siku ile ile. Lakini nieleweke, huku barabara ni lami, madukani sakafu ni laini, tuna gari kubwa na nyumba ya chini. Na tulikinunua wakati wa pili yuko tayari tumboni, kwa mama aliyemaliza kukitumia. Vigari vya wawili havijawahi kuisha sokoni, shoga. Siku ukikihitaji utakikuta.

Mama Kijacho
Asante Mama Salim, hilo la kwamba ulinunua wa pili akiwa tumboni nimemsomea mume wangu mara mbili. Amenyamaza, anafikiria.

Bibi wa Ngamiani
Mwanangu, mkweo wa Tanga namuunga mkono, nami ni wa huku huku. Nimelea saba kwa mbeleko.

Mama Kijacho
Shikamoo bibi. Mbeleko nitatumia, sijaikataa. Ila nilivunjika mguu mwaka juzi na mgongo haujanikaa sawa, naogopa kumbeba kutwa.

Bibi wa Ngamiani
Marahaba mwanangu. Hilo sikulijua, pole sana. Basi nunua kigari, ila kanga mbili nzito usikose, na mtu wa kukufunga vizuri siku za mwanzo awepo. Mtoto akilia saa ya magharibi kigari hakimnyamazishi. Mgongo wa mama unamnyamazisha.

Mama Neema, Mwanza
Nimesoma yote, sasa naomba mnisikilize kuhusu mtumba, maana karibu nimuumize mwanangu.

Neema alikuwa na miezi minne. Kigari cha mmoja, cha mtumba, kizuri kwa macho. Nilitoka sokoni nimetundika mfuko wa sato na viazi kwenye mpini. Nikasimama kwa muuza nyanya, nikaachia mpini nitoe hela. Kigari kikanyanyuka mbele taratibu, kikalala chali na mtoto ndani. Kilichomwokoa ni mkanda, nilikuwa nimemfunga pointi zote tano, mabega, kiuno na katikati ya miguu. Akabaki ananing'inia kidogo, macho yamemtoka, hata kulia hakulia. Mama wa nyanya ndiye aliyemshika kwanza, mimi nilikuwa natetemeka. Uzito wa mtoto wa miezi minne haushindani na mfuko wa viazi. Mzigo uwekwe kwenye kikapu cha chini, kwenye mpini kamwe.

Tangu hapo, mtu akinambia nimsindikize kununua mtumba ninafanya hivi. Ninakiweka kwenye mteremko, ninakanyaga breki, ninakisukuma kwa nguvu nione kinaganda au kinatambaa. Ninabana na kubandua buckle ya mkanda mara kumi, ikikwama hata mara moja nakiacha. Ninakikunja na kukikunjua, kisha natikisa fremu nisikilize ile komeo, maana ikiachia kinajikunja na vidole vya mtoto vipo pale. Mwisho natazama matairi. Kwa barabara yako ya vumbi usichukue vile vigurudumu vidogo vya plastiki vilivyo viwili viwili, kokoto moja inakisimamisha ghafla. Tafuta vikubwa vya kujaza upepo.

Na nendeni na futi kamba. Pimeni geti kwanza.

Mama Kijacho
Nimerudi. Jumamosi mume wangu alipima geti mwenyewe, sentimita 69. Akapima tena akidhani amekosea. Kile cha wawili cha yule dada kina 78. Akakunja futi kamba, akaniambia tuvae twende.

Tumepata cha mmoja Ilala, mtumba, matairi matatu makubwa ya upepo, siti inalala bapa kabisa, mikanda mitano. Tumekilipia 115,000. Breki tumeijaribu kwenye mteremko wa daraja kama Mama Neema alivyosema, na muuzaji alitusubiri bila kununa. Iliyobaki tumeitenga ya hospitali, na mama mkwe amefurahi, kanga zake mbili ziko njiani kwa basi la kesho.

Tairi la mbele lina pancha. Fundi baiskeli wa mtaani amesema tyubu ya baiskeli ya mtoto, inchi 12, itaingia. Nampelekea jioni.