Daftari la babu nahodha: nisome nyota au nisome historia?

BintiMtambwe aliuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mie ni mwalimu wa fizikia, sekondari, huku Wete. Naomba mawazo yenu kwa jambo ambalo nyumbani limeshakuwa mzozo.

Babu yetu mzaa baba alikuwa nahodha. Akipanda na jahazi Mombasa na Lamu kwa kusi, akirudi kwa kaskazi. Bibi alipofariki mwaka jana tulifungua sanduku lake, na chini kabisa, ndani ya kanga iliyotiwa karafuu kavu, tukakuta daftari la babu. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Siku zimehesabiwa tangu Nairuzi, yaani mwaka mpya wa mabaharia, mwongo kwa mwongo, siku kumi kumi, na kila penye jambo kubwa imetajwa nyota: Kilimia, Suheli, Jaha. Kurasa nyingi zimetobolewa na wadudu. Nimeanza kulinakili kwa herufi za Kirumi kwenye daftari jipya, nimefika ukurasa wa 14.

Tangu hapo nimepata nia ya shahada ya pili. Nazitaka nyota, na hizi kurasa nazitaka. Kaka yangu aliyeko mjini anasema lazima nichague, kwamba hakuna anayemlipa mtu wa katikati. Mama naye akisikia neno falaki, yaani elimu ya nyota, anadhani nataka kupiga ramli, halali usingizi. Je, yupo mtu aliyeishi umri wake akifanya yote mawili? Alianzia wapi?

MpembaWaDarajani alijibu:

Pole kwa msiba, dada. Kaka yako hakukosea sana. Nyumbani kwetu kuna watu waliosoma vitu vizuri na wakarudi kukaa barazani. Ishike fizikia, historia iwe ya Ijumaa baada ya sala. Na ukimaliza kunakili, hilo daftari bovu litoe ndani, wadudu wasije wakahamia kwenye misahafu.

MaalimMstaafu_Mkunazini alijibu:

La, tafadhali, lisitolewe! Na wewe mwanangu, weka kalamu chini kwanza unijibu hili: pembeni mwa hizo kurasa 14 hakuna kilichoandikwa? Kama kipo, umekinakili? Nauliza kwa sababu mtu unayemtafuta yupo, na nusu ya kazi ya maisha yake ilitokana na maandishi ya pembeni.

Aliitwa Owen Gingerich. Alizaliwa 1930 katika mji mdogo wa Washington, jimbo la Iowa, Marekani, akafariki Mei 2023 akiwa na miaka 93. Hakuanza na historia. Alianza na nyota zenyewe. Ujanani, miaka ya 1950, alifundisha Beirut, kisha akapata udaktari Harvard mwaka 1962. Fani yake ilikuwa angahewa za nyota, yaani namna mwanga unavyopita kwenye matabaka ya juu ya nyota kabla ya kutufikia. Mwaka 1971 yeye na wenzake walitoa kielelezo cha angahewa ya Jua ambacho wanafizikia wengine wakakitumia kama kipimo cha kulinganishia. Fizikia kamili, haina mchezo.

Lakini kompyuta ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia, naye akaona zina kazi nyingine. Pamoja na mwenzake walikokotoa mahali pa Jua na sayari tangu mwaka 2500 kabla ya Masihi hadi 2000, majedwali yakachapwa 1963. Ukikuta andiko la kale linasema Mshtarii na Zohali zilikuwa pamoja mahali fulani, unafungua majedwali, unatafuta mwaka. Na unajua yamepangwa vipi? Kwa siku kumi kumi. Mwongo, mwanangu! Hatua ileile ya babu yako. Mwonyeshe kaka yako hilo kabla hajakwambia uchague.

Sasa kitabu. Copernicus alisema Dunia ndiyo inayolizunguka Jua, na kitabu chake kilichapwa Nuremberg 1543, mwaka aliofariki, kikachapwa tena Basel 1566. Ni kizito mno, kurasa kwa kurasa za pembetatu na hesabu. Mwandishi Arthur Koestler akaandika mwaka 1959 kuwa hakuna aliyekisoma, na watu wakamwamini. Mwaka 1970 Gingerich akawa Edinburgh, akafungua nakala ya 1543 iliyohifadhiwa na kituo cha nyota cha huko. Pembeni pote pamejaa wino, mpaka kurasa za mwisho, zile ngumu kabisa. Mwandiko ukaja kutambulika kuwa ni wa Erasmus Reinhold, mwalimu wa hesabu wa Wittenberg, mmoja wa mabingwa wa zama zake. Basi hiki kilisomwa! Na kama kilisomwa na huyu, nani tena?

Akatoka kuzitafuta nakala zote duniani, moja moja, kwa macho yake kila ilipowezekana. Ilimchukua miaka 30. Orodha yake ilitoka 2002, nakala takriban 600 za matoleo yale mawili, na kila moja imeandikiwa mhuri wake, jalada lake, majina ya wenyewe waliopita na maneno ya pembeni. Jambo lililonigusa mimi ni hili: alikuta maneno ya mwalimu mmoja yamenakiliwa katika nakala za wanafunzi wake, na ya hao katika za wanafunzi wao, hata akaweza kueleza nani kasoma kwa nani miaka mia nne iliyopita.

Sisi tuliokaa chuoni tunalijua hili. Unakwenda kwa sheikh na kitabu chako, analolisema unalitia pembeni, kesho kutwa mwanafunzi wako atalichukua kwako. Ninacho kitabu cha marehemu baba yangu, pembeni pana miandiko mitatu. Wa kwanza mdogo na umesimama wima, wa mwalimu wake. Wa pili wake, herufi zake zinalalia kushoto. Wa tatu wangu, nina miaka 11, wino wa buluu umevuja hata upande wa pili wa karatasi. Nikimpa mtu maneno ya katikati tu, nimempa kitabu kinachouzwa dukani. Waliokisoma wote nimewaacha nyuma.

Tena kuna mambo huwezi kuyajua kwa njia nyingine. Mwaka 1616 Kanisa Katoliki lilikisimamisha kitabu cha Copernicus mpaka kisahihishwe, na 1620 likatoa orodha ya maneno ya kufutwa au kubadilishwa. Ukiisoma amri utasema ilitiiwa kote. Gingerich aliangalia kurasa zenyewe: nakala zilizokuwa Italia, kama thuluthi mbili zimefutwa. Zilizokuwa Hispania na Ufaransa, karibu zote hazikuguswa.

Kuhusu mshahara: Harvard alifundisha elimu ya nyota na historia ya sayansi pia, akawa hata mkuu wa idara ya historia hiyo. Wanaastronomia hawakumtupa. Mwaka 2006 yeye ndiye aliyeongoza kamati ya kimataifa iliyotafuta maana ya neno sayari, wakati wa suala la Pluto. Pendekezo la kamati yake halikupita, Pluto ikatolewa kwenye hesabu ya sayari kubwa. Ipo sayari ndogo angani, nambari 2658, yenye jina lake.

Kwa hiyo shahada ichukue ya fizikia, hapo nakubaliana na ndugu yetu wa Darajani. Lakini historia usiingoje shahada, unayo sandukuni. Piga picha kila ukurasa, wote mzima hadi ncha za karatasi, pamoja na jalada ndani na nje, na zile kurasa tupu. Usigundishe tepu. Usikate palipoliwa. Rudi kwenye zile 14 uanze upya. Na siku ukipata nafasi lipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani ukaulize namna ya kulihifadhi, wao wana maandiko ya Kiarabu mengi. Kuuliza si kuwaachia.

MwanaChuoni_Chake alijibu:

Maalim Mungu akuzidishie. Naongeza moja kwa ajili ya mama wa dada yetu. Ibn al-Shatir wa Damascus, karne ya 14, alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya, kazi yake kukokotoa nyakati za sala. Mtu wa msikitini. Mwaka 1957 ilikuja kuonekana kwamba hesabu yake ya mwendo wa Mwezi ni sawa na ile aliyoitumia Copernicus karne mbili baadaye. Falaki hiyo ndiyo anayoisoma binti yake, ya mwandamo na kibla. Ramli ni mlango mwingine kabisa. Mama asome, akalale.

BintiMtambwe alijibu:

Shikamoo Maalim. Nimesoma maneno yako usiku, sikuweza kusubiri asubuhi, nikawasha taa ya simu.

Pembeni papo maandishi, na mimi niliyaruka yote. Nilidhani ni hesabu za deni za karafuu. Ukurasa wa 9, penye kuzama kwa Kilimia, katikati babu ameandika siku ya 268 tangu Nairuzi, na pembeni mwaka 1361 wa Hijria. Nambari 268 imepigwa mstari mwembamba. Chini yake 269. Nayo imekatwa. Kisha 270, kisha 271, na mwisho 272 kwa wino wa zambarau, mwandiko si wa babu kabisa, na mwaka 1377.

Nimekaa na karatasi. Tangu 1361 mpaka 1377, kwa majira yaleyale, ni 1942 mpaka 1958, miaka 16. Hesabu ya miongo ni siku 365 tu, haina mwaka mrefu, na robo siku inayobaki inafanya siku moja kila miaka minne. Miaka 16 ni siku nne. 268 na nne ni 272. Maalim, walikuwa wanaisogeza! Nilimwamsha mama nimwonyeshe. Aliniuliza nyota ile ni ipi, nikamwambia Kilimia, akasema hiyo hata yeye anaijua, babu ndiye aliyemwonyesha.

MaalimMstaafu_Mkunazini alijibu:

Alhamdulillahi. Nimeisoma mara tatu.

Nikuombe subira kidogo. Kilimia huzama masika, mawingu yametanda. Mtu anaweza kukosa kuiona siku tatu, nne, akaandika siku ya tano. Hesabu imetoka sawasawa mno, na inapotoka sawasawa mno ndipo pa kuangalia mara ya pili. Tazama kama popote wametaja wingu au mvua. Tazama pia nyota nyingine, Suheli kwa mfano, kama nambari zake zimesogea kwa kiasi hichohicho. Na huyo wa wino wa zambarau ni nani?

BintiMtambwe alijibu:

Neno wingu lipo mara mbili, kwenye 270 na 271, dogo sana, nilidhani ni doa. Suheli bado sijafika, iko nyuma palipoliwa zaidi.

Wa zambarau nafikiri ni ndugu yake babu, yule mdogo, aliyekuwa serahangi, mkuu wa mabaharia, kwenye jahazi lile. Mwanawe yupo Kojani, ami yetu, ana miaka themanini na kitu. Nimempigia leo mchana. Anasema kalamu ile anaikumbuka, na kwamba baba yake naye aliacha daftari. Jumamosi navuka.