MREJESHO: Ile redio kaseti iliyokuwa inatafuna utepe

Wakuu, ni ile redio kaseti ya marehemu babu, niliyouliza kwa nini inavuta sauti na kutafuna utepe.

Waliosema ni belti, ule mpira unaotoa mzunguko kwenye mota, walipatia. Nilipofungua nikakuta mpira umeyeyuka kama lami, ukiugusa unakuganda vidoleni hadi kesho. Nimesugua kwa spiriti na pamba za masikio, pamoja na hedi inayosoma utepe na kile kigurudumu cha mpira kinachobana utepe. Belti mpya niliikosa mjini Kigoma; fundi mmoja wa Mwanga akaniuzia ya kwenye deki mbovu, ikakaa.

Sasa ikawa inakimbia kidogo. Nyuma ya mota kuna tundu, ndani yake skrubu: unazungusha taratibu kwa bisibisi nyembamba. Kipimo changu ni kaseti ya dakika 60, upande mmoja uishe kwa dakika 30 hivi. Mwenye sikio la muziki hahitaji saa. Mimi nahitaji.

Sauti kukwaruza bado kupo. Spiriti ilituliza kwa muda tu, nadhani voliumu yenyewe, kile kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti, imelika. Na uliyenishauri betri: nane kubwa, volti 12, kwa bei hizi? Niache na umeme wangu. Mwenye voliumu ya zamani, awe Ujiji au Kasulu, anishtue.