Jimmy Stewart: alirusha ndege vitani kweli au alipewa cheo cha ustaa?

Kijana_wa_Reli

Habari za humu wakuu. Mimi sinema za zamani za Hollywood ndo zimenishika sasa hivi, na huyu mzee James Stewart, Jimmy kama wanavyomwita, amenikamata kuliko wote. Nimeona It's a Wonderful Life, nimeona Rear Window, nikaja Vertigo nikachoka kabisa, yaani mtu mmoja anaweza kuwa mpole hivyo halafu kwenye sinema nyingine akutishe hivyo bila kubadilisha hata sauti.

Sasa juzi kuna mtu kaniambia jamaa alistaafu jeshini akiwa brigedia jenerali. Nikabisha. Akasema alipigana vita kuu ya pili, alikuwa rubani wa ndege za mabomu. Mwingine pembeni akadakia kwamba mastaa wote wa kipindi kile walipewa sare nzuri na kamera, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani, vita walipigana watoto wa wakulima. Naomba wenye kujua wanieleze, alienda kweli au ilikuwa matangazo? Na kwa nini mashabiki wake wa zamani wakimtaja wanamtaja kwa heshima ya aina yake, tofauti na mastaa wengine? Nataka kuelewa maana huyu mtu nampenda na sitaki kumpenda kwa stori za uongo.

Mzee_wa_Filamu

Mwanangu umeuliza swali zuri, kaa nikueleze.

Alienda. Na alienda mapema kabla hata Marekani haijaingia vitani. Mwaka 1940 aliitwa kwenye uandikishaji akapimwa akakutwa uzito haufiki, maana alikuwa mrefu mwembamba kweli kweli, wakamrudisha. Mtu mwingine hapo angeshukuru Mungu akaendelea na sinema zake. Yeye akaanza kutafuta kilo. Februari 1941 akachukua Oscar ya The Philadelphia Story, na tarehe 22 Machi 1941, hata mwezi haujaisha tangu apewe tuzo, akaapishwa jeshini kama praiveti. Mshahara wa praiveti wakati huo ni dola 21 kwa mwezi. Ile tuzo akaiacha kwa baba yake kule Indiana, Pennsylvania (Indiana ni jina la mji, usichanganye na jimbo), mzee akaiweka kwenye dirisha la duka lake la vifaa vya ujenzi watu waione. Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani, ilikuja kupigwa na Wajapani Desemba ya mwaka huo, na ndo Marekani ikaingia vitani, kwa hiyo usiniambie alisukumwa na upepo.

Na urubani hakufundishwa na jeshi, alikuwa na leseni yake tangu 1935, alikuwa anarusha ndege kwa mapenzi yake na kwa hela yake. Umri wa kuanza mafunzo ya urubani jeshini ulikuwa umeshampita, ikabidi apite njia ya leseni na shahada yake ya chuo kikuu cha Princeton. Januari 1942 akawa luteni usu.

Hapo sasa ndo kwenye swali lako. Jeshi lilitaka kumtumia vile vile anavyosema huyo rafiki yako. Alitengeneza filamu fupi ya kuhamasisha vijana wajiunge na jeshi la anga, akaongea redioni, halafu wakamweka kuwa mwalimu wa marubani kule Boise, Idaho. Wanafunzi wake wanaenda vitani, yeye anabaki. Akawasumbua wakubwa mpaka wakamwachia, na Novemba 1943 akavuka kwenda Uingereza akiwa kapteni, kamanda wa skwadroni ya 703, kundi la 445, kituo chao kilikuwa Tibenham, Norfolk. Ndege yao B-24 Liberator, watu 10 hivi ndani. Ile ndege haina joto, ukifika huko juu baridi inashuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, mnavaa barakoa za oksijeni masaa na masaa, na huku chini mizinga inawatafuta na ndege za Wajerumani zinawasubiri. Safari yake ya kwanza ilikuwa Kiel, Ujerumani, tarehe 13 Desemba 1943.

Nikupe picha ya hali ilivyokuwa. Tarehe 24 Februari 1944 kundi lake lilienda Gotha, wakapoteza ndege 13 kati ya 25. Kwa siku moja! Hiyo safari yeye hakuwepo. Kesho yake asubuhi, wale wenzao hawajarudi na vitanda viko vitupu, ndo akapanda yeye kuongoza waliobaki kwenda Fürth, karibu na Nuremberg. Kombora likapiga chini ya ndege yake likatoboa sakafu karibu na miguu yake. Wakarudi na tundu hilo mpaka Tibenham.

Kwa hesabu rasmi alipaa safari 20 za vita. Akapata medali ya urubani ya Distinguished Flying Cross mara 2 na Wafaransa wakampa medali yao ya Croix de Guerre. Aliingia praiveti 1941, Machi 1945 akawa kanali. Hakuna kamera inayompa mtu hayo.

Zawadi_Sinema

Mzee umemaliza upande wa jeshi, mi naomba niongelee sinema maana hapo ndo mimi nalia kila mwaka.

Watu hawajui kwamba alivyorudi 1945 alikuwa hana hakika kama ataweza tena kuigiza. Mkataba wake na studio ya MGM ulikuwa umekwisha, miaka karibu mitano hajasimama mbele ya kamera, na uso umebadilika, ukiangalia picha za 1940 na za 1945 unaona kabisa mtu amezeeka zaidi ya hiyo miaka. Kazi ya kwanza aliyochukua ndo It's a Wonderful Life ya dairekta Frank Capra, na Capra mwenyewe alikuwa ametoka jeshini hapo hapo, alikuwa anatengeneza filamu za jeshi. Kwa hiyo ni watu wawili waliotoka vitani wanajaribu kukumbuka kazi yao.

Sasa angalia hii kitu. George Bailey kwenye sinema ndo yule ambaye HAENDI vitani, kwa sababu ya sikio lake bovu. Mdogo wake Harry ndo anakuwa rubani, anapewa medali, mji mzima unamsubiri. Yaani rubani wa kweli mwenye medali za kweli kapewa kumcheza mtu aliyebaki nyumbani akijiona hana thamani, na hakuna hata sehemu moja anamcheza kwa dharau, anampa heshima yote. Mimi kila nikifika hapo nasema huyu mtu alikuwa na moyo mkubwa, maana angeweza kudai kuwa Harry, au kudai sinema yoyote ya yeye kukaa kwenye chumba cha rubani akipunga mkono.

Halafu ile sala ya kwenye baa, anapomwambia Mungu kwamba yeye si mtu wa kusali. Yale machozi hayakupangwa, yalimtoka. Capra hakuwa amesogeza kamera karibu, ikabidi baadaye aikuze ile picha kwenye maabara ili uso uonekane, ndo maana ukiangalia vizuri pale picha ina chengachenga kidogo. Mimi siwezi kusema alikuwa anawaza nini, lakini mtu aliyewapeleka vijana wa watu angani na kuwasubiri warudi, ukimwambia acheze mtu aliyefika mwisho, hahitaji kuelekezwa sana.

Na baada ya hapo hakurudi tena kuwa yule kijana mchangamfu wa 1939. Tazama Winchester '73 ya 1950 au The Naked Spur ya 1953, za dairekta Anthony Mann, pale ana hasira inayotoka ndani mpaka mikono inatetemeka. Vertigo uliyoisema imetoka humo humo. Wanaosema Hitchcock, dairekta wa Vertigo, ndo alimgeuza mimi siwaelewi, alimkuta ameshageuka.

Nyundo77

Nawasoma vizuri ila naomba tusimfanye malaika peke yake. Clark Gable alikuwa na miaka 41 alipojiandikisha Agosti 1942, miezi michache tu baada ya mkewe Carole Lombard kufa kwenye ajali ya ndege akitoka kuuza dhamana za vita (wananchi kuikopesha serikali hela ya vita). Akaenda Polebrook, Uingereza, akapaa safari 5 kwenye ndege za mabomu za B-17. Henry Fonda, ambaye ndo rafiki wa damu wa huyu Stewart, aliingia jeshi la majini akarudi na medali ya Bronze Star. Lee Marvin alipigwa risasi kisiwa cha Saipan, Pasifiki, 1944 kabla hata hajawa mwigizaji. Mbona hao hawatajwi kwa machozi?

Na hiyo nyota ya jenerali nayo isisemwe kirahisi, 1957 jina lake lilipopelekwa Seneti lilikataliwa, seneta Margaret Chase Smith alihoji mafunzo aliyofanya kama askari wa akiba kwamba hayatoshi. Ikabidi ingoje mpaka 1959.

Na la mwisho, jamani, ile mizigo ilikuwa mabomu. Kule chini kulikuwa na viwanda vya ndege sawa, lakini kulikuwa na watu pia. Mimi kumheshimu namheshimu ila hiyo nayo ni sehemu ya stori.

Mzee_wa_Filamu

Nyundo umeongea kitu cha maana na sitakibishia hata kimoja. Gable nampigia saluti, Fonda pia. Ila kijana aliuliza kwa nini huyu anatajwa tofauti, na jibu langu mimi ni namna alivyoibeba hiyo vita baada ya kurudi.

Alivyorejea aliweka kwenye mikataba yake kwamba studio isitumie utumishi wake wa kijeshi kutangazia sinema. Fikiria maprodyuza walivyokuwa wanaitamani hiyo biashara, kanali wa jeshi la anga mwenye medali, sura maarufu nchi nzima, na yeye anasema hapana. Kwenye ule mfululizo wa Uingereza, The World at War, wa miaka ya 70, alikubali kuhojiwa kuhusu kampeni ya mabomu. Ukimwona pale chini ya jina pameandikwa kamanda wa skwadroni basi, Hollywood haikutajwa kabisa. Mtu asiyemjua angedhani ni mzee mmoja tu wa jeshi mwenye kigugumizi kidogo.

Hilo la watu wa chini, Nyundo, kuna jambo moja wengi hawalijui. Machi 1945 ndege za Marekani zilipotea njia zikapiga Zurich, Uswisi, nchi ambayo haikuwa hata vitani, watu wakafa. Rubani na mwongoza njia wake wakashtakiwa kwenye mahakama ya kijeshi kule Uingereza, na afisa aliyekaa kiti cha kuongoza kesi alikuwa Kanali James Stewart. Waliachiwa. Sisemi hukumu ilikuwa sawa au haikuwa, nasema tu kwamba alilazimika kukaa na hilo swali ana kwa ana, maiti zina nchi na tarehe, na mbele yake vijana wawili waliokuwa wanafanya kazi ile ile aliyokuwa anafanya yeye. Sasa ukimuuliza mtu kama huyo akusimulie vita kwenye tafrija, atakusimulia nini?

Na vita haikumwacha. 1966 alipaa kama mtazamaji kwenye ndege ya mabomu ya B-52 kule Vietnam, na 1969 mtoto wake wa kambo, Ronald, luteni wa Marine, akauawa huko huko Vietnam. Kwa hiyo ile nyota ya jenerali, iwe ilicheleweshwa au haikucheleweshwa, mwenye nayo aliilipia.

Nyundo77

Hiyo ya Zurich sikuwa nayo. Asante mzee, hapo umenipa kitu cha kusoma. Lakini Fonda bado namdai heshima yake humu.

Zawadi_Sinema

Fonda mfungulie uzi wake Nyundo, nitakuja wa kwanza kuchangia, maana urafiki wao peke yake ni habari. Mmoja mrengo wa kushoto mwingine Republican, chama cha kihafidhina, mpaka kwenye mifupa, na wakadumu marafiki mpaka Fonda anakufa 1982.

Kijana_wa_Reli

Wakuu mmenimaliza. Kwa hiyo nilikuwa sijui hata nusu ya mtu ninayempenda. Swali la mwisho tu, nianze na ipi kama nataka kuona huyo mtu wa kabla na huyo wa baada? Na kuna sinema aliyocheza rubani wa mabomu wa kweli?

Zawadi_Sinema

Anza na Mr. Smith Goes to Washington ya 1939, hapo ndo bado kijana kabisa, sauti inapasuka kwa matumaini. Kisha The Philadelphia Story. Halafu ruka miaka ya vita, urudie It's a Wonderful Life kwa macho mapya, kisha Winchester '73 na The Naked Spur, umalizie na Vertigo. Usichanganye mpangilio, ukichanganya huoni kitu.

Mzee_wa_Filamu

Ya rubani ni Strategic Air Command, 1955. Hadithi yake ya kawaida tu, mambo ya ndoa mengi kuliko yanavyotakiwa, lakini mwangalie anavyokaa kwenye kile kiti cha rubani, mikono inajua inakwenda wapi bila kuangalia. Na picha za angani za B-36 na B-47 mle ndani ni nzuri mno, tafuta kopi safi, usiangalie kwenye simu.