Gari lisipofungwa milango usiku, betri inaliwa? Naombeni ushauri (Tanga)

Mkonge Mkavu (mwenye uzi)
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Niko Tanga, Ngamiani. Nyumba haina geti, gari linalala barabarani mbele ya baraza. Ni IST ile ya mwanzo, ya ufunguo wa kuchoma. Tangu masika ianze, kila baada ya siku mbili tatu nikiwasha asubuhi linalia ka-ka-ka, taa za dashibodi zinafifia, basi. Namwita jirani mwenye Noah anistue kwa waya, na sasa naye ameanza kuninunia.

Kuna mtu kaniambia gari likilala bila kufungwa milango, betri inaliwa usiku kucha. Ni kweli? Maana hili huwa silifungi. Betri mpya nimeshaweka oda, kesho nalipia.

Fundi Nyaya
Usilipie kwanza. Gari likizimwa linatakiwa kula chini ya miliampea 50, hiyo haimalizi betri kwa siku mbili. Yale ya smati kii yakiachwa wazi, au ufunguo ukilala karibu nayo, mengine hayalali vizuri na betri inapungua. La kwako la kuchoma halina hayo.

Chukua mita, pima asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 ni maiti. Kisha azima waya za huyo jirani, washa, pima tena: ikisoma kati ya 13.8 na 14.4, altaneta (inayochaji betri) nzima. Angalia na vichwa vya betri. Huku kwetu pwani vinaota unga wa kijani kwa hewa ya chumvi, vioshe kwa maji moto na magadi soda.

Ila kwa nini hulifungi?

Pweza wa Sahare
Tanga kunani, waja leo waondoka leo. Na gari lako laja leo laondoka leo 😂

Bi Mkasi
Mimi namuelewa. Marehemu mume wangu alikuwa hafungi makusudi, anasema kibaka akikuta mlango wazi atapekua aone hamna kitu aende zake, bora kuliko kukuvunjia kioo. Kweli hawakuvunja kioo. Walichukua viti vya mbele. Alirudi nyumbani amekalia ndoo.

Mkonge Mkavu
Asante Fundi, asante mama. Silifungi kwa sababu zangu tu. Mtaa wetu tunajuana.

Fundi Nyaya
Hizo "sababu zangu tu" ndizo zinazokula betri. Nani anaingia humo usiku?

Mkonge Mkavu
Haya. Kuna mzee analinda yale maduka ya jirani. Mtu mzima kabisa, kibaraza chenyewe kinavuja, mvua ikipiga analowa mpaka alfajiri. Nikamwambia mzee wangu, ingia kwenye gari ujisitiri. Sasa nimfungie milango alale wapi?

Fundi Nyaya
Na vioo? Usiniambie analala vimefungwa vyote na joto hili.

Mkonge Mkavu
Anashusha kidogo, mvua ikija anapandisha.

Fundi Nyaya
Vioo vya umeme. Anapandishaje?

Mkonge Mkavu
Kwa ufunguo. Ufunguo anabaki nao. Lakini hajui hata kuendesha, kwa hiyo hapo hakuna shida.

Pweza wa Sahare
Ngoja nivute kiti 🍿

Ustadh wa Mabawa
Ndugu yangu, bedui alimuuliza Mtume (S.A.W.), nimfunge ngamia wangu au nimwache nitawakali? Akaambiwa mfunge, kisha utawakali. Wewe umekaa Ngamiani na ngamia hujamfunga, na kamba umempa mpita njia.

Mchumi Tumbo
Bima yako kubwa au ndogo? Kama ndogo, likiibwa hupati hata senti, ile inalipa hasara ya mwenzako tu. Na hata kubwa, jaribu kuwaeleza kwamba ufunguo ulikuwa ndani na milango wazi. Mimi nilinyimwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na hiyo ilikuwa pikipiki, tena nilikuwa nimetoka kulipia wiki iliyopita, halafu yule dada wa kaunta ananiambia nirudi Jumatatu, Jumatatu yenyewe sikukuu...

Mkonge Mkavu
Mzee si mpita njia. Amenifahamu tangu naendesha ringi. Na mwizi gani ataiba gari lenye mtu ndani? Hilo mimi naona ni ulinzi zaidi ya kufuli. Nimeuliza betri.

Shahidi wa Chumbageni
Wakuu, tunakunywa chai hapa. Huyu jamaa Februari alifungua uzi anatafuta baiskeli ya mtumba yenye gia, anasema hajawahi kumiliki chochote chenye injini. Leo ana IST, ana mlinzi, ana na oda ya betri. Sukari ipo?

Pweza wa Sahare
Nimeutafuta, upo kweli. Alitaka ya namba 28 😂😂

Bi Mkasi
Mwanangu, na mimi nimekuhadithia ya marehemu!

Mkonge Mkavu
Baiskeli ninayo na ndiyo naendea kazini. Gari si langu. Ni la shemeji, yuko Muscat na dada. Aliniachia niwe naliwasha kila wiki, lisikae. Anashuka Alhamisi. Sasa mmefurahi?

Shahidi wa Chumbageni
Kwa hiyo umemkaribisha mlinzi alale kwenye gari la mume wa dada yako. Chai naiondoa, naleta maji.

Fundi Nyaya
Mwacheni, tupige hesabu. Betri ndogo ya NS40 ina kama Ah (ampea kwa saa moja) 35. Taa ya dari ya wati 8 ni karibu ampea 0.7. Redio ya chini chini, tuseme ampea moja. Saa nne usiku hadi kumi na mbili asubuhi ni saa nane, hiyo ni Ah 13 na kitu. Usiku mmoja umekula zaidi ya theluthi. Mchana unaliwasha dakika kumi hapo mlangoni, hairudi hata robo ya iliyotoka. Usiku wa pili umekwisha. Betri mpya nayo itakufa hivyo hivyo, na kila ikimalizwa kabisa umri wake unapungua. Mnunulie mzee redio ya mawe na koti la mvua. Ufunguo chukua leo.

Mkonge Mkavu
Sijasema anawasha redio.

Fundi Nyaya
Muulize.

Mkonge Mkavu
Nimemuuliza baada ya Isha. Kaniambia, "Mwanangu, mimi siiwashi. Naingiza ufunguo kwa ajili ya vioo, naikuta inaongea."

Betri lakini nimeshailipia.

Mchumi Tumbo
Ya zamani unaiuza bei gani? Niko Pongwe, nakuja na boda.