Msaada: neno la Kiholanzi "zetel" nilitafsirije?

BintiUvira: Habari zenu wakuu. Kiholanzi nilijifunzia Utrecht, Uholanzi, na huko zetel nilijua ni kiti cha ubunge: bunge lao, Tweede Kamer, lina zetel 150. Sasa nimehamia Gent, Ubelgiji. Jirani kanikaribisha, "zet u in de zetel", kumbe anamaanisha sofa. Kaka yangu anafungua kampuni hapa na kanipa karatasi niwatafsirie wazee walioko Uvira wanaochangia mtaji. Imeandikwa "maatschappelijke zetel". Hicho nacho ni kiti gani? Ni hela za wazee, sitaki kuwapotosha.

MkaziAntwerp: Pole dada. Hapo hakuna kiti. Andika "makao makuu ya kampuni". Na hilo la sofa ni la Flanders, upande wa Ubelgiji unaosema Kiholanzi. Waholanzi wenyewe husema bank, au fauteuil kama ni ya mtu mmoja.

Msomi_wa_Maneno: Naomba nipingane kidogo na mkuu hapo juu. "Makao makuu" wazee watadhani ni jengo lenye wafanyakazi. Hiyo ni anwani ya kisheria, hata kama kazi zinafanyika mji mwingine. Bora "makao ya kampuni yaliyosajiliwa".

Ila neno "makao" mmelipata sawasawa. Zetel ni neno la kale kutoka lugha mama iliyozaa Kiholanzi na Kijerumani, ndugu wa Sessel (kiti) ya Wajerumani, na mzizi wake ni uleule wa zitten, kukaa. Zetten ni kukalisha, ndiyo maana jirani alisema "zet u". Zitting ni kikao. Tazameni Kiswahili: kaa, kalisha, kikao, makao! Njia ileile kabisa, na hatukuazima kwao. Kiti chetu ndicho kimepita kwingine, maana ni ndugu wa mti.

Mahali pa kukalia ndipo pakawa pa kutawalia. Ndiyo maana Den Haag huitwa regeringszetel, makao ya serikali, ingawa mji mkuu ni Amsterdam.

BintiUvira: Asante sana, nimebadilisha. Na "de zetel wordt verplaatst" kwenye ibara ya pili?

Msomi_wa_Maneno: Makao yanahamishwa. Hapo waeleze wazee wamuulize kaka nani ana mamlaka ya kuyahamisha, kabla hawajatuma pesa.