Gari gani ya milioni 15 itahimili kilometa 3,500 kila mwezi?

Bwana Mbegu

Wakuu habari za majukumu. Naombeni ushauri hasa kwa mliozoea safari ndefu na mafundi mliomo humu.

Mimi nauza mbegu na viuatilifu, nakaa Morogoro mjini, na kuanzia mwezi ujao nimeongezewa eneo, yaani wiki hii Turiani na Mtibwa, wiki ijayo Kilosa, halafu Mikumi mpaka Ifakara, na Dodoma mara mbili kwa mwezi. Nimepiga hesabu haitapungua kilometa 3,500 kwa mwezi. Kampuni haitoi gari, inanilipa kwa kilometa na kiwango ni kimoja tu uwe na gari yoyote ile, kwa hiyo mafuta nikiyabana kinachobaki ni changu, na gari ikinifia njiani hasara ni yangu.

Bajeti ni milioni 15, na humo humo nataka ibaki hela ya bima na matengenezo ya kwanza. Mzigo ni katoni za sampuli na mabango, sio mzito sana. Barabara kubwa ni mkeka ila ukiingia mashambani ni vumbi, na masika ni tope. Nilizonazo kichwani ni IST, Fielder, Premio old model ya cc 1790, na kuna jamaa zangu wananishawishi nichukue Crown namba D (yaani herufi za usajili zinaanza na D) kwa sababu inatulia barabarani. Auto na manual zote naendesha.

Nawasilisha.

Fundi wa Msamvu

Mkuu umefanya vizuri kutaja kilometa na njia zako, hapo mtu anaweza kukushauri kitu cha maana.

3,500 kwa mwezi ni 42,000 kwa mwaka. Gari ya kutembea hivyo bei ya kununulia isikusumbue sana, kinachokumaliza ni mafuta, oili, tairi na zile siku gari imelala gereji na wewe huingizi kitu. Tuseme lita ya petroli ni 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Gari inayokwenda kilometa 10 kwa lita itakula lita 350 kwa mwezi, milioni 1 na elfu 50. Inayokwenda 15 kwa lita itakula lita 233 hivi, kama laki 7. Tofauti laki 3 na nusu kila mwezi, mwaka ukiisha ni zaidi ya milioni 4. Ndo maana Crown kwa kazi yako nasema hapana. Inatulia kweli, sibishi, ila ile ya cc 2500 ni V6 ya 4GR yenye mfumo wa D-4, petroli inapulizwa ndani ya silinda kwa presha kubwa, inataka mafuta safi na uangalizi wa karibu, na wewe siku nyingine utajaza kituo chochote utakachokikuta.

Tafuta gari yenye injini ya 1NZ-FE. Ni cc 1496, silinda nne, ina taimingi cheni kwa hiyo hamna habari ya kubadilisha mkanda wa taimingi, na ndo hiyo hiyo iliyopo kwenye Probox, Succeed, Raum, Spacio, Fielder, Sienta, Ractis na Allion na Premio za cc 1500. Ukiharibikiwa Dumila au Ifakara fundi utakayemkuta ameshaifungua mara nyingi, spea ikikosekana mtu anakununulia Dar, Gerezani au Ilala, anaipandisha kwenye basi, unaipokea. Kwenye IST angalia chesisi, NCP61 ndo ina 1NZ, NCP60 ni cc 1300 ya 2NZ, sio mbaya ila ukiwa na mzigo unataka kuovateki roli utaisikia inahema.

Premio ya cc 1790 injini yake ni 1ZZ. Zile za mwanzoni zinajulikana kwa kula oili, pete za pistoni zikishaganda oili inapungua bila kuvuja hata tone chini. Mtu wa mjini anaweza kuongeza nusu lita maisha yakaendelea, ila wewe unayekata kilometa mia kadhaa kwa siku ukisahau kupima siku mbili tatu unaua injini.

Mimi ningechukua Probox au Succeed ya kabla ya mabadiliko ya 2014, manual kama itapatikana. Hizo auto yake ni giaboksi ya kawaida ya gia nne. Baada ya hapo auto zote ni CVT, ile giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu.

Mama wa Ilazo

Kaka, fundi kaongea ukweli mtupu kwenye hesabu ila kwenye Probox naomba nipingane naye kidogo, maana gari sio injini peke yake kuna na mwili wa binadamu unaokaa mle ndani. Mimi natoka Dodoma kwenda Dar kufuata mzigo wa duka, karibu kilometa 450 kwenda tu, na Probox nimeziendesha. Siti yake imesimama wima, kelele za tairi na upepo zote unazo wewe, ikiwa tupu nyuma inaruka kwa sababu imeundwa kubeba mzigo. Ukifika umechoka na bado una wateja wa kuongea nao. Kwa mtu anayeshinda kwenye usukani tafuta Fielder, injini ni ile ile 1NZ, nafasi ya mzigo ipo ya kutosha, na siti ni ya gari ya familia.

Ila Fielder ziko za aina aina. NZE121, ile ya mpaka 2006, auto yake ni ya kawaida. NZE141 auto ni CVT. NZE144 ni ya tairi nne kuvuta, nayo auto yake ni ya gia nne, inakula zaidi kidogo lakini kwenye tope la masika huko Turiani utaishukuru. Na CVT msiiogope bure jamani, nyingi zinauawa na watu wanaoweka haidroliki ya kawaida badala ya oili yake yenyewe. Ukiwa na uhakika wa historia yake nunua, ukiwa huna iache.

Kingine kaka yangu, TAIRI. Watu wanabana mafuta halafu wanafunga tairi za mtumba. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa mfano 2316 imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata za tairi zinaweza kuonekana bado nene lakini mpira umeshakauka, na lami ya mchana kuanzia Gairo kuja Dodoma ina moto. Kwenye hiyo milioni 15 tenga ya tairi nne mpya kabla hujatenga ya redio wala siti kava.

Kijana wa Kibaha

Funga gesi mkuu, CNG (gesi asilia) ni nafuu kuliko petroli, jamaa wa teksi mtandao Dar wengi wameshahamia huko.

Fundi wa Msamvu

@Kijana wa Kibaha kwa mtu wa Dar nakuunga mkono kabisa, na hata chuo cha DIT wanafunga. Ila vituo vingi viko Dar, jamaa anazunguka Kilosa, Ifakara na Turiani, gesi ikiisha anarudi kwenye petroli huku amebeba mtungi mzito uliokula nafasi ya katoni zake. Aangalie kwanza vituo vilivyopo kwenye njia zake ndo aamue, asifunge leo kwa matumaini.

Msomaji wa Tabora

Za Dodoma si upande SGR? Tangu 2024 treni inatoka Moro mpaka Dodoma, unafika hujachoka na gari unaipunguzia kilometa.

Bwana Mbegu

Nashukuru sana wakuu, yaani nimejifunza mengi. SGR nimeiwaza, kwa vikao peke yake nitaitumia, ila nikiwa na sampuli lazima nifike vijijini huko Kongwa na Bahi. Crown nimeifuta. Sasa swali, niagize Japani au nichukue iliyokwisha tembea hapa bongo?

Kariuki wa Meru

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu Probox ndizo hubeba miraa kushuka Nairobi, zinajazwa mpaka kwa dari na zinakimbizwa sana, na bado makanika atakuambia injini iko sawa. Kitu huisha haraka ni shokomzoba na bushi. Sisi gari ikipitisha miaka nane haturuhusiwi kuingiza, nyinyi mna bahati kuna nafasi ya kuchagua.

Wakala Bandarini

Nafasi ipo lakini inalipiwa. Gari ya kutembelea ikifika miaka 8 mpaka 10 kuna ushuru wa uchakavu 15%, ikizidi miaka 10 ni 30%, hapo bado ushuru wa forodha 25% na VAT 18%. Kabla hujalipa hata dola moja ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, weka modeli na mwaka, kikupe kodi. Wengi wanaangalia bei ya Japani wanafurahi, kodi ikija inakaribia bei ya gari au inaizidi. Kwa milioni 15 yenye bima na tairi ndani yake, mimi ningetafuta ya hapa hapa, namba D safi yenye mwenye nayo anayejulikana.

Fundi wa Msamvu

Naungana na wakala. Sasa ukienda kuangalia gari, nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa ya moto ujue kuna kitu wameficha, gari yenye shida ya kuwaka au ya moshi inapashwa kwanza. Ikiwashwa ya baridi simama nyuma, moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe mzito usioisha ni maji yanaingia. Vua kifuniko cha oili, kukiwa na utando kama maziwa, ondoka. Kwa auto chomoa kijiti cha giaboksi, haidroliki iwe nyekundu au kahawia ya mbali, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua usiendelee hata na mazungumzo ya bei. Kilometa za kwenye dashibodi usiziamini sana, zinarudishwa, angalia pedeli ya breki, usukani na siti ya dereva vimelika kiasi gani, dashibodi inasema elfu 80 na raba ya pedeli imeisha mpaka chuma, hapo unadanganywa. Mwishoni kadi ya gari, jina lifanane na kitambulisho cha anayeuza, na uulizie madeni ya faini za barabarani, kila kosa ni elfu 30 na kwenye vibao vya spidi 50 vile tochi ya trafiki haisinzii.

Ukishanunua mwaga oili kila kilometa 5,000. Kwa mwendo wako ni kila baada ya wiki sita hivi, iweke kwenye bajeti kama unavyoweka kodi ya nyumba. Na chujio la hewa lipulizwe kila ukitoka kwenye vumbi.

Bwana Mbegu

Mungu awabariki wakuu. Dada wa Ilazo ushauri wa siti na tairi nimeuchukua wote. Nimeona mbili, moja ni Succeed manual iko Kihonda, mwenye nayo ni mwalimu anaitumia mwenyewe, anataka milioni 11 na nusu. Nyingine ni Fielder NZE144 iko Dodoma kwa dalali, milioni 13, ila dalali anataka nitume advansi laki 5 ndo aizuie.

Mama wa Ilazo

Usitume hata mia. Nitumie inbox iko mtaa gani, kesho nina nafasi mchana naenda kuiona na kukupigia picha ya chesisi na tairi.

Fundi wa Msamvu

Na ya Kihonda mwambie mwalimu Jumamosi saa moja asubuhi, asiiwashe. Nakuja na mashine ya kupimia.